Mshale Ulioshuka Bila Sababu: Niliyojifunza Kwenye Dashibodi ya Gari Kuukuu

Mshale wa joto ulishuka, nami nikamshukuru Mungu. Nilikuwa kwenye foleni ya magari yanayosubiri feri ya Likoni hapa Mombasa, upande wa kisiwani, saa kumi na moja jioni mwezi wa Februari, upepo umekatika na joto limeganda juu ya lami. Gari langu, saluni ya Kijapani iliyoundwa mwaka 1994, lilikuwa likisogea hatua mbili na kusimama kwa karibu saa nzima, na kwa nusu ya muda huo nilikuwa nikiutazama mshale ukipanda polepole kupita katikati ya geji kuelekea kwenye alama nyekundu. Kisha, bila gari kupata upepo wowote, mshale ukaanza kurudi chini. Ulipita katikati, ukaendelea kushuka, ukalala kwenye alama ya baridi kana kwamba injini haikuwashwa tangu asubuhi. Nikaona hatari imepita. Dakika chache baadaye mvuke mweupe ulifumuka chini ya boneti, injini ikagonga mara mbili na kuzimika, na vijana waliokuwa karibu wakanisaidia kulisukuma gari kando ya barabara.

Mpira wa chini wa rejeta, chombo kinachopoza maji ya injini, ulikuwa umepasuka, na maji yalikuwa yakimwagika barabarani wakati mimi nimeutumbulia macho mshale. Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini geji ilinionyesha baridi wakati chuma kinachemka. Sensa ya joto ni kipande kidogo cha shaba kilichofungwa mahali ambapo kinapaswa kuoga ndani ya maji ya injini wakati wote. Ndani yake mna kitu ambacho ukinzani wake, yaani nguvu yake ya kuzuia umeme, hupungua kadiri joto linavyoongezeka; ukinzani ukipungua, umeme mwingi zaidi hupita, na mshale hupanda. Maji yakiisha, sensa hubaki ikining'inia hewani, haipati tena joto kama ililopata majini, na mshale hushuka. Kwa hiyo geji yangu haikuwa mbovu hata kidogo. Iliniambia hali ya sensa, nami nikaisoma kama hali ya injini. Kosa hilo lilichoma gasketi, kizibo chembamba cha kichwa cha silinda, kichwa chenyewe kikapelekwa kusawazishwa uso, na gari likakaa gereji wiki tatu. Tangu siku hiyo, mshale ukishuka bila sababu ya kushuka, mimi nasimama upesi kama vile ungekuwa umepanda.

Gari hili nilikabidhiwa na Baba mwaka 2016, macho yake yalipoanza kumchosha usiku. Alinipa pamoja na daftari dogo alilokuwa akiliweka kwenye kasha la mbele, ambamo aliandika kila alipojaza mafuta, kila alipobadilisha oili, na kila kitu kilichomtia wasiwasi. Wakati ule nililichukulia daftari kama kumbukumbu ya mzee. Leo ndicho kifaa changu cha kwanza, kwa sababu matatizo ya dashibodi karibu yote huja na kuondoka, na fundi hawezi kutibu kitu ambacho siku ya kumwona kimetulia, isipokuwa mwenye gari amweleze kwa hakika kilitokea lini, gari likiwa linafanya nini, na nini kingine kilikuwa kimewashwa.

Hilo nililielewa kwa gharama. Gari lilipotoka kwenye matengenezo ya injini, lilikuja na ugonjwa mpya: siku moja, nikiwa barabarani, geji ya mafuta na geji ya joto zililala zote mbili kwa pamoja, na taa kadhaa za onyo hazikuwaka tena nilipofungua swichi. Fundi wa kwanza hakuuliza lolote. Alisema dashibodi imekufa, akanitafutia nyingine ya mtumba, akaifunga, na akaweka fyuzi mpya. Ilifanya kazi siku nne. Fundi wa pili alikuta fyuzi ile ya ampea 10 imekatika, akatia ya ampea 30 ili, kwa maneno yake, isinisumbue tena. Kweli fyuzi haikukatika. Asubuhi moja nikiwa nalitoa gari uani, nilisikia harufu ya plastiki inayoungua, nikazima kila kitu na kuchomoa waya wa betri kwa mikono inayotetemeka.

Naomba hili lieleweke, kwa sababu ni jambo la moto na la uhai. Fyuzi haiwekwi kuilinda geji. Inawekwa kuulinda waya. Waya mwembamba ulioundwa kubeba ampea 10, ukiruhusiwa kupitisha 30, wenyewe ndio unaogeuka kuwa fyuzi, nao unaungua ndani ya zulia na vitambaa vya gari. Fyuzi inayokatika kila mara inatoa taarifa, na anayeiongezea ukubwa ameinyamazisha taarifa huku tatizo likiendelea.

Ndipo nilipoelekezwa kwa mzee mmoja mwenye gereji ya uwani mitaa ya Majengo, ambaye kila mtu pale humwita Ami. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kiti cha mbao. Boneti hakuifungua.

"Mwanangu," aliniuliza, "geji zilipolala, nini kingine kililala pamoja nazo?"

Nilikiri kwamba sijui. Akaniambia niketi kwenye usukani, niwashe kitu kimoja kimoja huku yeye akilizunguka gari: taa kubwa, taa za kupinda, honi, waipa, breki, rivasi. Taa za rivasi hazikuwaka. Ami akatabasamu, akasema, "Sasa tumempata ndugu yake." Akageuza kifuniko cha kisanduku cha fyuzi, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi mchoro uliochapwa upande wa ndani, ambao kwa miaka yote ile sikuwahi kuutazama. Fyuzi inayolisha geji ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikilisha taa za rivasi. Nikakumbuka, na mwili ukanisisimka: siku geji zilipolala mara ya kwanza, nilikuwa nimetoka kurudi nyuma kwenye maegesho ya shule, na harufu ile ya kuungua ilikuja nilipokuwa nalitoa gari uani kinyumenyume.

Kilichofuata nimekiona kwa macho yangu, nami nakieleza kwa utulivu kwa sababu ni ufundi mzuri usiohitaji mashine ya gharama. Ami alichomoa balbu mbili za rivasi nyuma ya gari. Kisha, mahali pa fyuzi, alipachika balbu ya wati 21 yenye nyaya mbili fupi, ikawa umeme wote wa njia ile unapita kwanza ndani ya balbu. Nilipofungua swichi, balbu ilitoa mwanga hafifu tu, ule wa geji kunywa kiasi chake kidogo. Nilipotia gia ya rivasi, ikawaka kwa nguvu zote, nyeupe, na geji zikalala. Hapo shoti, yaani umeme kugusa chuma mahali usipopaswa, ilikuwa imejidhihirisha bila kuchoma fyuzi wala waya, kwa sababu balbu yenyewe ilikuwa ikiuzuia umeme usizidi kiasi. Akaniacha na gia ya rivasi, akaenda kwenye buti na kuanza kuutikisa mkungu wa nyaya kidogo kidogo, kuanzia kwenye taa kurudi mbele, huku mtoto wake akiitazama balbu na kupaza sauti, "Bado... bado... imefifia!" Waya ulikuwa umebanwa chini ya bati linaloshikilia jeki. Ganda lake lilikuwa limekwaruzika hadi shaba ikaonekana, na kuanzia hapo kuelekea mbele lilikuwa limelainika na kukunjamana, alama ya ile fyuzi ya 30. Alikata kipande chote kilichoungua, akaunganisha kipya kwa risasi ya kulehemu, akakifunika kwa mrija wa plastiki na kukipitisha mbali na lile bati. Fyuzi ya ampea 10 ikarudi mahali pake. Dashibodi yangu ya asili, ambayo nilikuwa nimeiweka ndani ya gunia, ikarudi pia, na haikuwa na tatizo lolote.

Swali la Ami kuhusu ndugu wa geji ndilo ninaloanza nalo hadi leo. Geji moja ikikosea peke yake, nachunguza njia yake yenyewe: sensa yake, waya wake, na geji yenyewe. Zikikosea mbili au zaidi kwa wakati mmoja, ni nadra sana kuwa zote zimeharibika saa ile ile. Natafuta kile wanachokula pamoja, yaani fyuzi, plagi ya nyuma ya dashibodi, au athi, kama mafundi wetu waiitavyo njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha bodi. Jirani yangu wa Tudor ana gari la Kiingereza la miaka ya 70, ambalo geji yake ya mafuta na ya joto zilikuwa zikipanda juu mno kwa pamoja hata tangi likiwa nusu na injini ikiwa baridi. Magari mengi ya aina hiyo yana kidhibiti kidogo nyuma ya dashibodi, chenye kazi ya kuzipa geji takriban volti 10 zisizobadilika, iwe betri inatoa 12 au 14. Kidhibiti kile kikikosa athi nzuri, geji hupokea umeme wote wa betri na kudanganya kwa kuongeza. Nilipomwuliza kama zote mbili zinapanda kwa kiwango kile kile, akanitazama kwa mshangao na kusema ndiyo. Alikuwa tayari ameshanunua sensa mbili.

Athi inastahili kuzungumzwa kwa kirefu na mtu anayeishi Mombasa. Hewa yetu ina chumvi. Gari linalolala usiku wote karibu na bahari, likavuka feri mara mbili kwa siku huku matone yakirushwa juu ya sitaha, hupata kutu mahali ambapo jicho halifiki: chini ya kichwa cha skrubu, ndani ya plagi, kwenye ukingo wa waya ambapo shaba hugeuka kuwa unga wa kijani. Unga ule hauukati umeme moja kwa moja. Unaupunguza, na kupunguza huko ndiko kunakozaa makosa yanayomchanganya mtu.

Kwangu ilikuja hivi. Mwaka 2019 niligundua kwamba kila nikirudi nyumbani baada ya magharibi, tangi huonekana limepungua robo nzima, na asubuhi mafuta huonekana yamerudi. Nilikwisha kuanza kuwashuku watu. Daftari ndilo lililoniokoa na dhambi ya kudhania: nilipoangalia niliyoandika, nikaona upungufu ule huja usiku tu, na kupotea mara ninapozima taa. Sensa ya ndani ya tangi ni floti, kielea kinachopanda na kushuka na mafuta, iliyoshikana na kipimo cha ukinzani. Kwenye gari langu nilisoma karibu omu 3 tangi likiwa limejaa na karibu 110 likiwa tupu, kwa hiyo ukinzani wowote unaoongezeka njiani husomeka kama mafuta yaliyopungua. Na sensa ile ilikuwa ikitumia skrubu moja ya athi pamoja na taa za nyuma. Taa zikiwashwa, umeme wake ulirundikana kwenye skrubu ile iliyojaa kutu, na geji ikayumba.

Nilipima mwenyewe, kwa multimita, kipima umeme, ya bei ndogo ambayo nimeipenda kuliko vyombo vingi vya nyumbani kwangu. Ncha moja niliiweka kwenye skrubu ndani ya buti, ya pili, kwa waya mrefu, kwenye ncha ya hasi ya betri. Taa zikiwa zimezimwa, nilisoma karibu sifuri. Nilipowasha taa, volti 0.8. Njia nzuri ya athi haipaswi kupoteza zaidi ya volti 0.1 au 0.2. Nikaifungua skrubu, nikasugua chuma kwa msasa hadi kikang'aa, nikasugua na pete ya chuma iliyo kwenye ncha ya waya, nikafunga kwa nguvu na kupaka grisi juu ili chumvi isirudi. Nikapima tena: 0.05. Mshale wa mafuta haujayumba usiku tangu siku hiyo.

Kwa geji inayokosea peke yake kuna jaribio ambalo Ami alinifundisha kwenye sensa ya joto yenye waya mmoja. Unachomoa waya kwenye sensa, unafungua swichi bila kuwasha injini, na mshale unapaswa kulala kwenye baridi. Kisha unaugusisha waya kwenye chuma cha injini kwa sekunde moja au mbili tu, na mshale unapaswa kuanza kupanda kuelekea kwenye joto. Ukitii pande zote mbili, geji na waya ni wazima, na shaka inabaki kwenye sensa. Usipotii, kununua sensa ni kutupa fedha. Aliniwekea mipaka miwili, nami siivuki: jaribio hili halifanywi kwenye sensa ya nyaya mbili inayozungumza na kompyuta ya injini, ambayo mara nyingi imekaa karibu kabisa na ile ya geji, wala waya wowote haugusishwi kwenye chuma penye mvuke wa petroli karibu na tangi.

Taa za onyo zina tabia yake tofauti, na ndizo zilizonitisha zaidi nilipozielewa. Nilikuwa nikiamini kwamba dashibodi yenye giza ni dashibodi yenye amani. Ami aliniomba nifungue swichi bila kuwasha injini na kumtajia taa ninazoziona. Nikataja chaji, breki, injini. "Na ya oili?" akauliza. Haikuwepo. Taa ambayo kazi yake ni kuniambia nizime injini kabla haijajiua ilikuwa na balbu iliyoungua, sijui tangu mwaka gani, na kila siku nilikuwa nikilisoma giza lake kama habari njema. Balbu yenyewe ni ndogo kuliko ncha ya kidole, na hutolewa nyuma ya dashibodi kwa kuzungushwa robo tu. Ndiyo maana ninapoombwa na jamaa kumwangalizia gari la kununua, hesabu ya taa hufanyika kabla ya kitu kingine chochote. Taa ya injini isiyowaka kabisa swichi inapofunguliwa inanitia hofu kuliko inayowaka na kubaki, maana wapo wauzaji wanaoitoa balbu, au wanaounganisha waya wake na wa taa nyingine ili ziwake na kuzimika pamoja.

Taa ya oili haipimi wingi wa oili bali msukumo wake. Swichi yake hufunga njia msukumo unaposhuka chini ya nusu baa hivi (baa ni kipimo cha msukumo), kiwango ambacho chuma tayari kinakaribia kusagana na chuma. Ikiwaka nikiwa barabarani, nazima injini pale pale penye usalama, naangalia kijiti cha kupimia oili, na hata kijiti kikionyesha oili ya kutosha siwashi tena mpaka fundi aitoe ile swichi na kufunga geji ya mkono mahali pake ili tuone msukumo halisi. Taa ya breki nayo iliwahi kunimulikia nikiteremka daraja la Nyali kuelekea Kongowea, sekunde mbili tu kwenye kona, ikazimika. Nilikagua handibreki, ilikuwa imeshushwa vizuri. Kwenye gari langu taa hiyo hutumiwa pia na floti ya kikopo cha mafuta ya breki. Mafuta yakipungua, kona huyasukuma upande mmoja na floti hushuka kwa kitambo. Nilikuwa karibu kujaza kikopo na kuendelea na safari zangu, lakini Ami aliniamuru nivue magurudumu kwanza. Brekipedi za mbele zilikuwa zimebaki unene wa sarafu. Pedi zikiisha, pistoni hutoka nje zaidi na mafuta hushuka kikoponi bila kuvuja popote. Kujaza tu kungeizima taa na kuniacha bila breki.

Ya chaji nitaisema kwa ufupi. Kwenye magari mengi ya umri huu, umeme unaoiamsha alteneta, mashine inayochaji betri, hupitia balbu ya taa hiyo, hivyo balbu ikifa alteneta inaweza kulala hadi injini ipigwe mbio. Betri iliyopumzika na kujaa husoma kama volti 12.6, na injini ikiwa inanguruma kati ya 13.8 na 14.4. Namba hizo mbili nimeziandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, chini ya mwandiko wa Baba.

Jambo la joto, hata hivyo, halikunitoka moyoni, kwa sababu sensa ya ndani ya maji haiwezi kamwe kunionya kwamba maji yameisha. Mwaka jana Ami alinifungia kifaa cha pili chenye sensa ya umbo la washa, yaani pete bapa ya chuma, iliyokazwa chini ya bolti ya chuma cha kichwa cha silinda. Hiyo husoma joto la chuma chenyewe, maji yawepo au yasiwepo, na tuliiweka ipige kelele ikifika nyuzi 105. Namba zake huonekana kwenye kioo kidogo kando ya usukani. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ile ile ya Likoni, saa ile ile ya jioni, na nikazitazama zikipanda kutoka 89 hadi 97, feni ikashika kwa mlio wake, zikateremka taratibu hadi 90, zikapanda tena. Mshale wa zamani ulikuwa umesimama katikati ya geji muda wote huo, haukusogea hata upana wa uzi.